Wapinzani Katika Menyu Moja: Usambazaji wa Programu za Mikopo Kati ya Benki na Kampuni za Simu, Kutoka Nairobi Hadi Nyarutarama

Utangulizi

Ushirikiano wa mahasimu si jambo geni katika soko la teknolojia. Novemba 2006, Microsoft, iliyokuwa imeipiga vita Linux kwa miaka mingi, ilikubaliana na Novell kuwafikishia wateja wake vyeti vya huduma ya SUSE Linux. Wateja wakubwa walitumia mifumo yote miwili, na kila kampuni ilihitaji njia ya kuwafikia. Makala haya yanachunguza ushirikiano wa aina hiyo katika Afrika Mashariki, baina ya benki na kampuni za simu, ambazo hugombea amana na malipo ya mtu yule yule. Hoja yetu ni kwamba swali la msingi la kisera si nani aliyeunda programu, bali ni nani anayemiliki menyu inayoifikisha kwa mtumiaji.

Mpangilio wa MoKash

Nyarutarama, mtaa wa Kigali yaliko makao makuu ya MTN Rwanda, unatupa mfano ulio wazi. MTN ilianzisha huduma ya pesa za simu nchini Rwanda mwaka 2010. Mwaka 2017 iliingiza katika menyu yake huduma ya akiba na mikopo ya MoKash, iliyoandaliwa na Commercial Bank of Africa ya Kenya, benki ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa sehemu ya NCBA. Mtumiaji hubonyeza *182#, huchagua huduma, na akaunti hufunguka bila yeye kufika benki. Amana huandikwa katika vitabu vya benki, ilhali historia ya matumizi ya simu, iliyo mikononi mwa kampuni ya simu, husaidia kupima iwapo mtu anastahili mkopo. Benki hupata wateja wa vijijini bila kujenga tawi. Kampuni ya simu hupata huduma ambayo leseni yake yenyewe haiiruhusu kuitoa.

Mafunzo kutoka Kenya

Mpangilio huo ulikwisha kujaribiwa Kenya. Novemba 2012, Safaricom na benki hiyohiyo zilizindua M-Shwari. Machi 2015, KCB, mshindani wa benki hiyo, iliingia katika menyu ileile kwa KCB M-Pesa. Mwaka 2019 benki hizo mbili zilishiriki kwa pamoja kugharimia Fuliza, huduma inayomwezesha mteja wa M-Pesa kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Mfuatano huu unaonyesha uhusiano usio sawa: mwenye menyu anaweza kuongeza mpangaji mwingine, lakini mpangaji hana menyu nyingine yenye wateja wengi kiasi hicho.

Equity Bank ilichagua njia tofauti. Mwaka 2014 kampuni yake tanzu, Finserve, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kupitia mtandao wa Airtel, mshindani wa Safaricom, ikitumia kadi nyembamba inayobandikwa juu ya laini ya kawaida. Safaricom ilipinga kwa hoja ya usalama. Mdhibiti wa mawasiliano aliruhusu kadi hiyo kwa kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja. Hivyo benki ililazimika kugeuka kuwa kampuni ya simu ili isipange katika menyu ya mwingine.

Athari kwa sera

Rwanda imepiga hatua muhimu. Mwaka 2022 mfumo wa eKash, unaoendeshwa na RSwitch, uliwezesha wateja wa MTN na Airtel kutumiana fedha. Hata hivyo, kuunganisha uhamishaji wa fedha hakuhamishi sifa ya mkopaji. Mama muuza mboga aliyelipa mikopo yake kwa uaminifu katika menyu moja huweza kuonekana mgeni katika menyu nyingine, na kupewa kiasi kidogo au kukataliwa kabisa. Gharama ya ushirikiano uliofungwa humwangukia yeye, si wabia walioutia saini.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, masharti na bei ya kuingia katika menyu ya kampuni ya simu viwe wazi na sawa kwa benki zote. Pili, historia ya ulipaji ihesabiwe kuwa mali ya mteja, naye awe na haki ya kuihamishia kwa mkopeshaji mwingine. Tatu, Benki Kuu ya Rwanda na mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, RURA, zikague mikataba hii kwa pamoja, kwa kuwa nusu yake ni ya kibenki na nusu ni ya mawasiliano.

Hitimisho

Ushirikiano wa wapinzani umewafikishia wananchi huduma ambazo hakuna upande ungeweza kuzifikisha peke yake kwa kasi hiyo. Faida hiyo haipaswi kubezwa. Lakini ushindani unaostahili kulindwa ni ule unaoendelea ndani ya menyu baada ya mikataba kutiwa saini: mteja awe na uwezo wa kuchagua, na wa kuondoka bila kuacha nyuma jina lake jema.