Unaenda London Aprili? Nguo za kupakia ukitokea Kasulu

Usisikie "majira ya machipuko" ukadhani ni joto. London mwezi Aprili mchana ni kama nyuzi joto 15, usiku zinashuka hadi 6 hivi. Jua lenyewe linadanganya: likiingia tu mawinguni, unatetemeka.

Kwa mtu wa Kagerankanda kuna unafuu. Sweta unalovaa asubuhi za Juni na Julai linafaa kabisa. Huna haja ya koti zito. Vaa nguo juu ya nguo. Anza na fulana, kisha shati, sweta, na mwisho koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo. Litafute kwenye mitumba kabla ya safari, ujaribu na zipu kabla hujalipa.

Kwa siku nne, suruali mbili zinatosha. Viatu viwe vya kufunika, ulivyokwisha kuvizoea, maana utatembea sana.

Muhimu zaidi: Dar es Salaam utakuta joto, utatamani kutupia sweta na koti kwenye begi kubwa. Usifanye hivyo. Panda navyo ndegeni. Begi likichelewa kufika, baridi haitakusubiri.