Fahamu: Kimeng'enya cha haidrojeni kinachozimwa na oksijeni

Baadhi ya mwani na bakteria hutengeneza haidrojeni, gesi ambayo ikitumika kuzalisha umeme kwenye seli ya mafuta huacha maji tu. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viitwavyo haidrojenesi. Kasheshe ni hii: usanisinuru hutumia mwanga wa jua kuvunja maji, maji yakivunjika hutoka oksijeni, na oksijeni hiyohiyo huvizima vimeng'enya. Vyenye chuma pekee mara nyingi huharibika moja kwa moja. Vyenye nikeli na chuma aghalabu huweza kuamshwa tena.

Wapo bakteria ambao vimeng'enya vyao huivumilia oksijeni. Bakteria wa udongoni Cupriavidus necator ana haidrojenesi inayofanya kazi hata penye hewa. Mwaka 2011 muundo wa haidrojenesi hiyo ulichapishwa: jirani na kitovu cha nikeli kuna kishada cha atomi 4 za chuma na 3 za salfa, badala ya 4 kwa 4 kama ilivyozoeleka. Kishada hicho husukuma elektroni upesi, oksijeni ikageuzwa maji kabla haijaleta madhara.

Mwaka huohuo, watafiti wa Taasisi ya J. Craig Venter, Marekani, walieleza jinsi walivyohamishia jeni za haidrojenesi inayostahimili oksijeni ya bakteria wa baharini Alteromonas macleodii ndani ya sianobakteria (bakteria wa usanisinuru) Synechococcus elongatus. Ilibidi wahamishe pia jeni za protini saidizi, maana bila hizo nikeli haipachikwi mahali pake. Kimeng'enya kilipopimwa maabara, kilifanya kazi.

Bado kuna kikwazo ambacho vichwa vya habari hukiruka: haidrojenesi nyingi zinazostahimili oksijeni ni hodari zaidi wa kuitumia haidrojeni kuliko kuizalisha.