Je, Wajua? Kighuba Kimejificha, Bahari Iko Macho

Je, wajua kwamba maji ya Magoma, katika bonde la Mto Lwengera, huishia baharini? Mto huo huingia Mto Pangani karibu na mji wa Korogwe, na Pangani humwaga maji yake Bahari ya Hindi. Ukiyafuata hadi pwani kutembea, utakuta vighuba vidogo vimejibana kati ya miamba ya matumbawe. Vinavutia, lakini baadhi vina njia moja tu ya kuingilia, nayo ni ya mchanga.

Je, wajua kwamba njia hiyo ina saa zake? Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Ulikopita jana saa nne bila kulowa, leo saa hiyohiyo huenda kukawa vingine.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani ya Tanga hupita mita 3. Hicho ni kimo cha dari. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja! Katika saa 6 hivi za kujaa, saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote. Ndiyo maana mtu huona vifundo tu vimelowa, akaendelea na soga, na akigeuka njia haipo. Ingia maji yakiwa yanakupwa, toka kabla hayajageuka. Kama hujui saa, waulize wavuvi. Swali hilo halina aibu, hata kwa mtu wa bara.

Je, wajua kwamba Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti? Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa. Nahodha akikwambia "nitakurudia jioni," mwambie akungoje hapohapo.

Mkondo ukikuvuta kuelekea nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, kisha ndipo urudi nchi kavu.

Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani kwenye maji mafupi. Tembea kwa kuburuza miguu, naye atakimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Mdomoni mwa Mto Pangani usiogelee. Mto huo una mamba, na hawajui mgeni.

Kivuli cha mwamba uliolika chini ni kitamu, ila mawimbi yaliyoula bado yanaendelea na kazi. Tandika mkeka mbali.

Je, wajua kwamba tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia Sumatra, ilifika hadi Tanzania? Watu wasiopungua 10 walifariki, wengi wao wakiwa waogeleaji Dar es Salaam. Ukiona bahari inarudi nyuma ghafla, nje ya saa zake, usiende kuokota samaki. Panda juu.

Nambari ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ihifadhi kabla ya kushuka, na kwa kuwa chini ya miamba mtandao huweza kukatika, mwambie mtu wa kijijini saa utakayorudi.