Ada ya Kufundishana Miongoni mwa Walinzi wa Kanzidata

Katika kazi zote zilizozaliwa na kompyuta, ni chache zenye upweke kama kazi ya mlinzi wa kanzidata. Kampuni yenye watumishi mia kadhaa huweza kuwa na mmoja tu wa namna hiyo, na mtu huyo, ambaye mshahara wa kila mtumishi na deni la kila mteja vimo katika dhamana yake, hana mwenzi wa kumwuliza pale seva inapogoma usiku wa manane. Tena aghalabu hakuisomea kazi hii: alikuwa mhasibu au fundi wa mitandao, mtangulizi wake akaondoka, akaambiwa aiangalie seva kwa muda, na muda ule ukawa maisha yake. Kwa sababu hiyo jamaa hawa, hususan wale wa Marekani, wamejijengea ada ya kufundishana ambayo naihesabu miongoni mwa ada njema za zama hizi.

Ilmu yenyewe ilipata msingi mwaka 1970, wakati Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alipoonyesha kwamba habari zaweza kupangwa katika majedwali na kuulizwa bila ya muulizaji kujua zimewekwa wapi ndani ya mashine. Fadhila hiyo iliwapunguzia mzigo waulizaji wote, lakini ilibidi abaki mtu wa kuyajua yale ambayo wengine wamesamehewa kuyajua, na maarifa yake mengi hupatikana kwa kupambana na matatizo, au kwa kusimuliwa na aliyekwisha kupambana nayo.

Mwaka 1999 makampuni ya programu Microsoft na Computer Associates yaliasisi jumuiya ya PASS kwa ajili ya watumiaji wa SQL Server, programu ya kanzidata ya Microsoft, na mkutano wake mkuu wa kila mwaka ukazoea kufanyika Seattle. Lakini nauli na ada ya kiingilio zilikuwa nzito kwa wengi. Ndipo mwaka 2007, katika mji wa Orlando, Florida, Andy Warren, Steve Jones na Brian Knight walipoanzisha mkutano wa siku moja, usio na kiingilio, siku ya Jumamosi, wakauita SQLSaturday. Miji mingine ikafuata, ya Marekani na ya ng'ambo, na kila mkutano ukapewa namba yake.

Taratibu za Jumamosi hiyo zajulikana na kila mwenyeji wake. Waandaaji hawalipwi, wahadhiri nao hawalipwi, na wengi wao husafiri masafa marefu kwa gharama zao wenyewe, mahali huazimwa kwa siku hiyo, na makampuni yauzayo programu hutoa ufadhili, yakapewa meza ukumbini na ruhusa ya kuzungumza na wapitao. Usiku wa kuamkia siku yenyewe wahadhiri hukirimiwa chakula, na hapo anayefundisha kwa mara ya kwanza huweza kujikuta ameketi karibu na mtu ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyomlea. Kutwa nzima watu huhama chumba hadi chumba kwa vipindi vya kadiri ya saa moja moja, na jioni hukusanyika kwa bahati nasibu ya zawadi za wafadhili.

Tuingie katika chumba kimojawapo. Mhadhiri ameonyesha ukutani swali fupi litafutalo maagizo ya mteja mmoja katika jedwali la mistari mingi. Faharasa hakuna, kwa hiyo mashine yalisoma jedwali zima, ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa kilobaiti 8, na hesabu ya kurasa zilizosomwa yatokea ili kila mtu aione. Kisha aunda faharasa juu ya namba ya mteja, auliza swali lile lile, na hesabu yashuka hadi kurasa chache tu. Mchuuzi angeishia hapo. Mwalimu aendelea kuonyesha gharama: kila agizo jipya sasa sharti liandikwe mahali pawili, na mwenye kurundika faharasa ovyo huwachelewesha waandikao ili kuwaharakisha wasomao.

Maagizo yale si ya mtu yeyote. Yametoka AdventureWorks, kampuni ya baiskeli iliyobuniwa na Microsoft kwa mafunzo, kama ilivyobuniwa kabla yake Northwind, mfanyabiashara wa vyakula. Katika desturi hii mna heshima ya amana: mlinzi huja na maarifa aliyoyapata kazini, lakini siri za mwajiri na za wateja huziacha huko huko.

Jibu nalo lina adabu yake. Mkongwe akiulizwa kama jambo fulani ni jema, husema kwanza, “Inategemea,” kisha huuliza yeye: data ni kiasi gani, nani anaandika, nani anasoma, na kazi ya saa moja ikipotea hasara ni ya nani? Mgeni huweza kuudhika, ilhali amekwisha kufundishwa namna ya kufikiri.

Wanawake, ambao ni wachache katika fani hii, walizoea kutengewa katika mkutano mkuu wa PASS chakula cha mchana cha kuzungumzia hali yao, na siku hiyo baadhi ya wanaume walivaa kilti, vazi la Waskoti, kuonyesha kwamba wako upande wao.

Uimara wa ada hizi ulipimwa na ugonjwa wa korona. Mikutano ilizuiwa, na PASS, iliyotegemea sana mapato ya mkutano mkuu, ikafunga shughuli zake tarehe 15 Januari 2021. Redgate, kampuni ya Cambridge, Uingereza, ikanunua mali zake; jina la Jumamosi likarejeshwa kwa wanajumuiya chini ya taasisi isiyotafuta faida, na mikutano ikaendelea. Ofisi ilikufa, deni likabaki: kila mmoja alikuwa amepokea maarifa bure kutoka kwa mtu ambaye yeye hawezi kumlipa, akaona wajibu kumlipa anayemfuata.

Basi kila mlinzi wa kanzidata asomaye haya, popote alipo, na ahesabu aliyoyajua kwa kufundishwa bure. Kisha aazime chumba, ataje Jumamosi, awaalike wenziwe, na awe wa kwanza kusimama mbele yao kufundisha.