Msanii, panga efekti za sauti yako kabla ya kukimbilia Nairobi

UMEREKODI ngoma yako chumbani kule Bulla Iftin, Garissa. Biti iko sawa, mistari imekaa poa. Lakini ukiicheza kwa spika, sauti yako inazama huku feni ikivuma utadhani nayo imealikwa kuimba.

Kabla hujapanda basi la Nairobi, takriban kilomita 370, kwenda kulipia studio, angalia jambo moja: efekti zako umezipanga vipi?

Kwenye FL Studio au Reaper, efekti hufanya kazi kutoka juu kwenda chini. Kila moja hupokea kilichoachwa na iliyotangulia. Ndiyo maana efekti zilezile, ukizibadilishia nafasi, hutoa sauti tofauti. Ni kama mchele: mawe huchambuliwa kabla ya kupika. Bariis ikishaiva, utayapata kwa meno.

SAFISHA KWANZA

Kwa joto la Garissa, kuzima feni ukirekodi ni adhabu. Ukiweza, izime hata kwa dakika tatu za kurekodi. Kisha kuna jenereta ya jirani, na mvumo wa stima wa 50Hz unaopenya kwenye waya mbovu.

Kwa hivyo anza na ikwalaiza. Kata kila kitu kilicho chini ya 80Hz hadi 100Hz. Kama una sauti nzito, usipande zaidi ya hapo, itakonda.

Ukitumia geti, ile efekti inayofunga sauti unaponyamaza, iweke hapa mapema, wakati pengo kati ya sauti yako na feni bado ni kubwa. Lakini chunga. Kisomali kina ile ‘x’ ya kooni, kama katika Axmed. Ikija mwisho wa neno, kama ‘wax’, ni pumzi tu. Geti ikifunga haraka inaimeza, na msikilizaji anabaki kukisia.

HALAFU BANA

Sasa leta kompresa, inayoshusha sehemu zilizopaa ili uweze kuinua sauti yote. Uwiano wa 3:1 au 4:1 unatosha kuanzia. Acha ibane desibeli 3 hadi 6.

Ukiitanguliza kabla ya kusafisha, itashtuliwa na mngurumo na kubana sauti yako bila sababu. Ukiongeza sauti baadaye, feni nayo inapanda. Kelele uliyoitaka itoke umeipandisha cheo.

Baada ya kompresa, weka ikwalaiza ya pili ya kung’arisha, ukiongeza kidogo kati ya 3kHz na 5kHz. Sasa ‘s’ na ‘sh’ zinaweza kuanza kuchoma masikio. Ndipo di-esa huingia kuzituliza.

MWANGWI MWISHO

Rivabu, yaani mwangwi, iweke kwenye chaneli yake ya pembeni, kisha uipelekee sauti kiasi. Ikitangulia kompresa, mkia wake huinuliwa kila unapovuta pumzi, na maneno yanaloa.

Na maneno ndiyo mali yako. Waayaha Cusub, kundi lililoanzishwa na vijana wakimbizi wa Kisomali Eastleigh mwaka wa 2004, lilijulikana kwa ujumbe wake. Ujumbe usiosikika haumfikii mtu.

Hii si sheria ya kuandikwa kwenye jiwe. Kuna maprodyuza wanaobana kwanza na wanapata wanachotaka. Lakini wengi wao hurekodi katika vyumba vilivyotulia. Chumba chako kina feni.

Jaribu leo. Nakili chaneli yako, panga efekti kwa njia mbili, na usawazishe kiwango cha sauti, maana iliyo juu zaidi hudanganya sikio. Cheza zote kwa spika ya simu. Mwite rafiki ambaye hajawahi kusikia ngoma hiyo, umwambie arudie mistari yako. Ile aliyoirudia bila kubahatisha, hiyo ndiyo miksi yako.