MSUMENO WA MNYORORO KWA KAZI YA KUJITOLEA: JINSI YA KUUCHAGUA

Katika nyanda kame za Baringo nchini Kenya umeenea mti ujulikanao kwa jina la mathenge, ambao wanasayansi huuita Prosopis juliflora. Mti huu uliletwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapatia wakazi kuni. Lakini mifugo ilikula maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu pamoja na samadi, na leo vichaka vyake vya miiba vimeyafunika malisho mengi.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wananchi wanaotaka kujitolea siku chache kila mwaka kuufyeka mti huu. Mfuko wao ni mdogo. Je, wanunue msumeno wa mnyororo wa aina gani? Wengi watatazama kwanza nguvu ya injini na bei iliyoandikwa dukani. Makala haya yataonyesha kwamba hayo mawili si ya kwanza kutazamwa.

Meno ndiyo yakatayo

Mwaka 1946, huko Oregon nchini Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna kisiki. Aliona kwamba taya za buu hukata upande wa kulia na upande wa kushoto kwa zamu. Kutokana na hayo Cox aliunda mnyororo ambao meno yake yaliyopinda hufuata utaratibu huohuo, na hata leo minyororo mingi hutengenezwa kwa msingi huo.

Hapa pana somo kwa mnunuzi. Kazi ya injini ni kuuzungusha mnyororo tu. Ukataji wenyewe hufanywa na makali ya meno. Msumeno mdogo wenye makali huushinda mkubwa uliokuwa butu. Dalili ni rahisi kuzitambua: meno makali hutoa vipande vya mti, na meno butu hutoa unga. Kwa hiyo tupa ya mviringo inayolingana na meno, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia, ni sehemu ya ununuzi.

Ukubwa unaofaa

Aghalabu mathenge huota mashina mengi membamba. Kwa mashina ya namna hiyo, injini ya sentimita za ujazo 35 hadi 45, yenye bamba la kuongozea mnyororo la urefu wa sentimita 35 hadi 40, yatosha. Msumeno mkubwa zaidi ni mzito, humchosha haraka mtu asiyeuzoea, na uchovu ni chanzo cha ajali. Matawi yasiyozidi unene wa sentimita 10 yakatwe kwa msumeno wa mkono, ambao hauhitaji mafuta.

Iwapo kazi iko karibu na umeme, msumeno wa betri nao wafaa kufikiriwa. Hauna petroli ya kuharibika, na kelele yake ni ndogo. Upungufu wake ni kwamba betri zikiisha porini, kazi nayo imekwisha.

Usalama ni sehemu ya bei

Mnyororo hukimbia kwa mwendo wa takriban mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. Ncha ya juu ya bamba ikigusa gogo, nguvu ya mnyororo huurusha msumeno juu na nyuma, kumwelekea mwenye kuushika, kabla hajaweza kufanya lolote. Hii ndiyo sababu ya kuwapo breki ya mnyororo, ambayo huusimamisha mara moja. Msumeno usio na breki inayofanya kazi usinunuliwe, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kelele ya injini hupita desibeli 100, kiasi kinachoweza kuharibu masikio. Hivyo panahitajika viziba masikio, kofia ngumu, kinga ya uso, glavu, buti na suruali maalumu. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huvutwa na kuyakwamisha magurudumu yanayouendesha. Kama fedha hazitoshi kwa msumeno na mavazi haya, basi hazijatosha kwa msumeno. Wanafunzi wasiushike hata kidogo: kazi yao ni kukusanya matawi wakiwa mbali na mkataji, baada ya injini kuzimwa.

Mafuta na uhifadhi

Injini ya mapigo mawili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho kifuatwe. Msumeno unaotumika mara chache huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi: petroli iliyoachwa ndani kwa miezi huganda kama gundi katika kabureta. Yafaa tangi limwagwe kila baada ya msimu.

Kisiki nacho kina lake

Mathenge ukikatwa juu ya ardhi huchipua tena. Nao mnyororo ukigusa udongo au mchanga hupoteza makali mara moja. Basi msumeno ukate shina kwenye kimo cha goti, kisha sururu na jembe ving'oe kisiki chini ya mahali pa kuchipulia. Kikundi kisicho na watu wa kuchimba hakitafaidi msumeno wowote. Kabla ya yote, ruhusa ya mamlaka ya misitu na ya mwenye ardhi ipatikane.

Hesabu ya darasani

Wanafunzi wajumlishe bei ya msumeno, mavazi, mafunzo, tupa, minyororo ya akiba na mafuta, kisha wagawanye kwa siku zote za kazi. Siku 4 kwa mwaka, kwa miaka 5, ni siku 20. Jawabu lilinganishwe na ujira wa kumkodi kwa siku moja mkataji stadi mwenye msumeno wake. Pengine itaonekana kwamba msumeno wa bei nafuu kuliko yote ni ule ambao kikundi hakikuununua.