Tende ya Boksi na Tende ya Bonge

Huku kwetu Magamba mtende hauzai. Mti huu hutaka joto kali na ukame matunda yanapoiva, nasi tuna baridi na ukungu. Kila tende tunayofuturia imepanda mlima kutoka Mombo. Na kila Ramadhani hutokea mzazi anayeona haya kupeleka msikitini tende za bonge, kwa kuwa jirani kaleta zile kubwa za boksi. Je, zile kubwa zina lishe zaidi?

Tuchukue gramu 100 za medjool, ile kubwa laini: zina kalori 277, sukari gramu 66, nyuzinyuzi karibu gramu 7. Deglet noor, ndogo na kavu kiasi, uzito huohuo, zina kalori 282, sukari gramu 63, nyuzinyuzi gramu 8. Sub-hanallah, zimepishana kidogo mno! Ajwa ya Madina ina fadhila zake katika hadithi sahihi, na hilo tunaliamini. Lakini kwa sukari na kalori haiko mbali na dada zake.

Kinachotofautiana hasa ni ukubwa. Medjool moja ya gramu 24 ina sukari gramu 16, yaani vijiko vinne vya chai. Ukila tatu ni vijiko kumi na viwili. Deglet noor tatu hazifiki vijiko vinne. Babu na bibi zetu wenye kisukari wasihesabu kokwa tu, watazame na ukubwa, na wamwone daktari kabla ya mfungo.

Tunasikia pia kwamba tende huongeza damu. Gramu 100 zina madini ya chuma kama miligramu 1 tu, ilhali mama mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Maharage yetu yaliyopikwa yana kama mara mbili ya hiyo. Vitamini C nayo karibu haimo kabisa kwenye tende kavu. Tuitafute kwenye mapera na machungwa.

Mtume wetu (S.A.W.) alifuturu kwa tende mbivu laini, zisipopatikana, kavu, zisipopatikana, mafunda ya maji. Basi mzazi apeleke bonge lake bila haya. Alibandue, azioshe tende kwa maji safi, azipasue moja moja kutazama wadudu, ndipo azipange kwenye sinia.